Nchi Ikibadili Jina, Hifadhidata Inafanyaje?

Mei 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipoingia Kinshasa, Zaire iligeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka huohuo herufi ZR, zilizoitambulisha nchi hiyo katika orodha ya kimataifa ya ISO 3166, ziliondolewa, zikaingia CD. Msomaji wa magazeti hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Msanifu wa hifadhidata aliyezifanya herufi zile ufunguo mkuu alikuwa na kazi.

Ufunguo mkuu ndio unaotofautisha mstari mmoja na mwingine katika jedwali. Tuseme kampuni ya usafirishaji ina jedwali la nchi lenye ZR. Jedwali la wateja linarudia ZR kwa kila mteja wa Lubumbashi, na la mizigo vivyo hivyo. Herufi zikibadilika, majedwali yote yabadilike kwa pamoja, la sivyo mzigo utakuwa wa nchi isiyomo kwenye orodha.

Huo ni ufunguo asilia: umetoka katika mambo yenyewe, na watu wanautumia hata nje ya kompyuta.

Kisa cha CS kilikuwa kibaya zaidi. Herufi hizo zilikuwa za Chekoslovakia, iliyogawanyika mwaka 1993. Mwaka 2003 zikapewa Serbia na Montenegro. Hapo kumbukumbu ya zamani na mpya zikavaa alama moja, na kompyuta haina namna ya kujua ni nchi ipi inayotajwa. Montenegro ilipojitenga mwaka 2006, CS nayo ikaondolewa.

Njia ya pili ni ufunguo bandia: namba isiyo na maana yoyote, inayotolewa na mfumo wenyewe. Kongo ikiwa namba 47, majedwali ya wateja na mizigo yanahifadhi 47 tu. Jina na herufi zikibadilika, unaosahihishwa ni mstari mmoja. Edgar Codd, mwasisi wa hifadhidata za kimahusiano, alilizungumzia suala hili mwaka 1979 kwa mfano wa kampuni mbili zinazoungana: namba za wafanyakazi zilizopangwa na kila kampuni huenda zikalazimika kubadilishwa.

Tanzania ina mfano wa karibu. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ikionekana ilikosewa, namba nayo inakuwa imebeba kosa hilo. Mfumo ulioifanya ufunguo mkuu unaingia kwenye mtego uleule wa ZR.

Hata hivyo ufunguo bandia una udhaifu wake. Karani akimsajili mgonjwa yuleyule mara mbili, mfumo utampa 1182 leo na 4506 wiki ijayo bila kulalamika, kisha matokeo ya maabara yaangukie faili moja na dawa faili jingine. Kwa hiyo wasanifu wengi hutumia vyote viwili: namba bandia huunganisha majedwali, na kitambulisho halisi huwekewa sharti la kutojirudia. Pale ambapo jedwali linaunganisha tu wanafunzi na masomo, jozi ya ufunguo wa mwanafunzi na ule wa somo mara nyingi inatosha, na namba ya tatu haiongezi kitu.