Sene, replike, kulisi: maneno ya teatre yanayofundishwa shuleni yanasema nini?

Katika shule nyingi za huku kwetu mashariki, mwalimu wa Kifaransa akifika ku somo la teatre anageukia ubao na kuandika maneno kumi ao kumi na tano: sene, akte, personaje, replike, didaskali, dekori, kulisi. Wanafunzi wanayanakili, wanayakariri, wanafanya intero, na mwezi unaofuata yamekwisha kutoka kichwani. Wakati huo wote hakuna hata mmoja aliyesimama mbele ya wenzake kuigiza kitu. Ni kama kumfundisha mtoto kusonga bugali kwa kumuandikia neno «mwiko» ndani ya daftari.

Lakini maneno haya ni vyombo vya kazi. Yanaeleweka mtu akiwa amesimama, na moja kati yao, tutaliona mbele, linaweza hata kumlinda mtoto.

Kwanza, jambo la lugha. Katiba ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini somo la teatre linabaki la Kifaransa. Upande wa Tanzania walimu wana maneno yao tangu zamani: tamthilia ni mchezo ulioandikwa, jukwaa ni fasi ya kuchezea, mhusika ni mtu wa ndani ya hadithi, maleba ni nguo za mchezo. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile kwa Kiswahili mwaka 1969, na mbele yake, mwaka 1963, Julius Nyerere alikuwa amekwisha kutoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Kwa hiyo mwalimu wa Uvira ao wa Beni hana lazima ya kubuni maneno. Atumie yote mawili: la Kifaransa kwa sababu ndilo litatoka ku ekzama, la Kiswahili juu mtoto aelewe.

Tuanze na sene, sababu ndilo linachanganya watoto kupita yote. Kwa Kifaransa lina maana mbili. Ni ile fasi ambako watu wanachezea, na ni pia kipande cha mchezo. Mwalimu akisema «panda ku sene» anataka uende mbele. Akisema «turudilie sene ya pili» anataka mrudilie kile kipande. Kiswahili cha vitabu kinatenganisha: jukwaa kwa fasi, onyesho kwa kipande. Katika michezo ya zamani ya Ufaransa, sene inabadilika kila mara mtu anapoingia ao anapotoka. Akte ni sehemu kubwa zaidi, yenye sene nyingi ndani yake.

Na hapa wazazi wasiogope: jukwaa halihitaji jumba. Sukuma mabanchi nyuma, chora mustari wa choko chini, na jukwaa liko. Kinacholitengeneza ni masikilizano: mtoto akivuka ule mustari, yuko ndani ya hadithi, akirudi, ni mwanafunzi tena. Nyuma na pembeni, pale wachezaji wanapongojea bila kuonekana, ndiyo kulisi. Vikwembe viwili juu ya kamba vinatosha. (Kamba yenyewe, watu wa teatre ya Ufaransa hawapendi kuitaja kwa jina wakiwa jukwaani; wanasema inaleta mkosi. Kila kazi na miiko yake.)

Sasa, kushoto na kuume. Mwongozaji akiwa amekaa na watazamaji akisema «enda kushoto», ni kushoto kwa nani? Kwake ao kwa mchezaji anayemtazama? Ndiyo maana Wafaransa wana majina mawili yasiyogeuka: upande wa jardini, ni kusema bustani, na upande wa kuru, ni kusema uwanja wa ndani. Majina hayo yanatoka Paris. Mwaka 1770 kikundi cha Comédie-Française kilihamia katika ukumbi wa jumba la kifalme la Tuileries, ambako upande mmoja wa jukwaa ulielekea bustani na ule mwingine ulielekea uwanja wa jumba. Jumba liliungua, majina yakabaki. Kwa mtazamaji, jardini iko kushoto na kuru iko kuume. Ili wasisahau, Wafaransa wanaandika herufi za kwanza za Jésus-Christ, J na C, kama zinavyosomwa kutoka kushoto. Mchezaji naye, akiwa ameelekea watu, anakumbuka kwamba moyo wake uko upande wa kuru, kwa kuwa moyo kwa Kifaransa ni «cœur», na sauti zinakaribiana.

Kuko pia kupanda na kushuka. Kupanda ni kwenda nyuma ya jukwaa, mbali na watu. Kushuka ni kuwakaribia. Hii inatoka ku majukwaa ya zamani ya Ulaya ambayo yalikuwa yameinama kama kilima, juu kwa nyuma, chini kwa mbele. Mtoto wa Bukavu, ambako hata kwenda kununua chumvi ni kupanda na kushuka, hatapata shida. Mwalimu asiandike haya ku ubao. Apeleke kalasi uwanjani na apige sauti: «Jardini! Kuru! Panda! Shuka!» Watoto wakimbie. Baada ya dakika kumi wanajua, na wanacheka.

Neno kostime linaleta vichekesho vyake. Huku kwetu kostime ni suruali na koti vya siku ya ndoa, basi mtoto anayeambiwa alete kostime anaenda kumsumbua papa yake. Katika teatre, kostime ni nguo yoyote ya personaje, hata kama ni kikwembe kilichopasuka. Vitu vya kushika mkononi vinaitwa akseswari: kikapu, barua, simu. Na kwa kuanza, bila rido wala umeme, kuko mapigo matatu: fimbo inagonga chini mara nyingi kwa haraka, kisha mara tatu polepole. Fimbo hiyo Wafaransa wanaiita brigadie. Kalasi yenye kelele inanyamaza yenyewe.

Tuingie sasa ndani ya maandishi. Chukueni kipande hiki kidogo:

MAMA: Maji iko wapi?
NEEMA (akificha bidoni nyuma yake): Nilikuta robine imefungwa.
MAMA (anamtazama viatu): Na hii vumbi ya ku uwanja wa mpira?

Kile ambacho kila mmoja anasema ni replike. Yale maneno ndani ya mabano ni didaskali, maelekezo ya mwandishi. Hayasomwi kwa sauti, yanafanywa. Mara ya kwanza karibu kila kalasi ina mtoto anayesoma kwa nguvu «akificha bidoni nyuma yake», na wengine wanaanguka kwa kucheka. Muacheni asome, kisha mpeni bidoni. Hatasahau tena tofauti. Kama Neema akigeukia watazamaji na kuwaambia chini-chini «leo nimekwisha», na Mama hasikii hata kama amesimama karibu, hiyo ni aparte. Na kama anabaki peke yake na kusema mawazo yake kwa urefu, ni monologi.

Replike ina kazi nyingine tena. Maneno ya mwisho ya mwenzako ndiyo alama yako ya kuanza. Ni kusema mchezaji hakariri maneno yake tu. Anakariri pia mwisho wa maneno ya mwingine. Wengi wanakosa hapo: mtoto anajua yake yote, lakini hasikilizi, basi anasema mapema ao anabaki kimya. Akikwama kabisa, kuko suflere. Kwa Kifaransa neno hilo linatoka ku kupuliza: ni mtu aliyejificha na kitabu anayempulizia mchezaji neno lililopotea. Wanafunzi wetu wanajua sana kazi hiyo, juu ndiyo wanayokatazwa siku ya intero. Angalau hapa inaruhusiwa.

Repetisioni haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyeimba ndani ya korale: ni kurudilia mpaka mambo yanyooke. Lakini kuko namna moja ambayo walimu wangetumia zaidi. Inaitwa ya Kiitalia. Wachezaji wanakaa duara na kusema replike zote haraka-haraka, bila kuigiza, bila hisia. Inaonyesha mara moja nani hajui maneno yake, na inaweza kufanyika chini ya muti wakati mvua haijaanza.

Je, lazima kuwe maandishi? Hapana. Kule Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilijulikana sana kwa teatre ya Kiswahili, na mwaka 1986 kilitengeneza mchezo kutokana na msemo wa Kifaransa unaosema kwamba utawala unaliwa mzima. Mtafiti Johannes Fabian alifuata ile kazi tangu mazungumzo ya kwanza, na kitabu chake cha 1990 kinaeleza namna wachezaji walivyojenga kila sene kwa kuzungumza na kujaribu, bila mtu kuwaandikia replike. Maandishi yalikuja nyuma, yeye alipoandika kile walichosema. Kwa shule isiyo na vitabu, huo ni mfano wa karibu kupita wa Paris.

Tumefika ku neno tulilotaja mwanzoni: personaje, mhusika. Mchezaji ni mtoto wa watu, ana jina lake, ana kwao. Mhusika ni yule wa hadithi tu. Inaonekana rahisi. Lakini angalieni kinachotokea huku kwetu. Kijana amecheza mwizi, na wiki nzima wenzake wanamuita mwizi. Msichana amecheza mwanamke anayekunywa pombe, na jirani anamuuliza mama yake anamlea namna gani. Na katika mikoa ambako bunduki si kitu cha hadithi, mtoto anayecheza mtu wa silaha anabeba kitu kizito kupita replike zake. Jina la utani lililoanzia ku mchezo wa shule linaweza kumfuata njiani, na njiani si kila anayelisikia anajua kwamba lilikuwa la mchezo.

Kwa hiyo mwalimu alifundishe neno hili mbele ya yote, na alifundishe kwa matendo. Kila mchezo ukiisha, kila mtoto avue kostime mbele ya watu na aseme jina lake mwenyewe: «Nilikuwa mwizi, sasa ni mimi.» Wadogo wanaipenda sana. Sehemu mbaya zizunguke, zisibaki kwa mtoto mmoja kwa sababu eti ana uso wa ukali. Bunduki ya muti isichongwe hata kidogo. Mkono mtupu unatosha, na barabarani haumdanganyi mtu. Na mtoto akikataa kucheza sene ya vita, asiulizwe sababu. Mwalimu hajui kila kitu ambacho macho yake yaliona. Kuko kazi nyingine: kuwa suflere, kutunza akseswari, ao kuwa figira, yule anayejaza soko ao kanisa bila kusema neno. Katika kalasi yenye watoto wengi, mafigira ndio wanaookoa mwalimu.

Inabaki ukuta wa ine. Jukwaa lina kuta tatu, nyuma na pembeni. Ule wa ine ni wa kuwaza tu, kati ya wachezaji na watu. Mwandishi Mfaransa Diderot, mwaka 1758, aliwaomba wachezaji wacheze kama kwamba ukuta huo uko kweli. Mtu anayejua watazamaji wetu atatabasamu. Hapa mama anasimama na kupiga kelele: «Neema, usidanganye!» Wengine wanaona huko ni kukosa adabu. Sisi tunaona ni mali. Mbrazili Augusto Boal, katika miaka ya 1970, alijenga juu yake namna nzima ya kufanya teatre: mchezo unasimamishwa pale penye shida, na mtazamaji anapanda kujaribu njia nyingine. Mtu anayeongoza mabadilishano hayo anaitwa joka, kama ile karata. Wengi wenu mmekwisha kuona teatre ya namna hii sokoni ao ku uwanja wa mpira, juu ya migogoro ya mashamba ao ya wenyeji na waliorudi. Shirika Search for Common Ground liliitumia sana huku mashariki. Kijana aliyejifunza shuleni mhusika ni nini, anajua siku hiyo kwamba yule aliyechukua shamba la jirani ku jukwaa hakutajwa kabila lake kwa bahati mbaya tu, na anaweza kupanda kusema neno bila kumtukana mchezaji.

Neno la mwisho ku orodha ni salamu: wachezaji wote wanarudi mbele, wanashikana mikono, wanainama pamoja. Wanaanza mafigira, wanamalizia wenye sehemu kubwa, na suflere asisahauliwe nyuma ya kikwembe. Kisha prefe anaweza kutoa hotuba yake. Mumuombe isipite dakika tano.