Kumbukumbu ya Pili

Wakili wa shirika la haki za binadamu jijini Nairobi akipigiwa simu usiku, mara nyingi anayepiga ni mama au mke wa mtu, na neno lake ni moja: wamemchukua. Wakili haanzi kwa kuuliza amefanya nini. Anauliza amechukuliwa saa ngapi, na gari la aina gani, waliomchukua walivaa sare au la, wamesema wanampeleka kituo kipi. Kisha anauliza swali ambalo mama huyo huenda hajawahi kulisikia: je, ameandikwa kwenye OB?

OB ni kitabu cha matukio kinachokaa kwenye dawati la ripoti katika kila kituo cha polisi nchini Kenya. Anayeingizwa seli anapaswa kuandikwa humo jina lake, saa aliyofika na kosa analoshukiwa. Jina likishaandikwa, yupo afisa atakayeulizwa alipo mtu huyo na hali yake. Lisipoandikwa, jamaa watazunguka vituo vyote vya jiji na kila dawati litawajibu kwamba hapa hayupo. Kwa hiyo wakili anavaa viatu na kwenda, hata ikiwa saa nane za usiku, akasimame mbele ya dawati hilo hadi jina liandikwe.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Muda huo ukimalizikia nje ya saa za mahakama, afikishwe siku inayofuata ya mahakama. Hapo ndipo penye mwanya. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa kwa maandishi, na wanaofanya kazi hii wanazijua vizuri simu za Ijumaa. Katika siku hizo mbili mtu anaweza kupigwa, kulazimishwa kutia sahihi maelezo asiyoyasoma, au kuhamishwa kituo kimoja hadi kingine ili wanaomtafuta wachoke.

Wasomaji wengi wanamjua mtetezi wa haki kwa kumwona kwenye televisheni, ameshika kipaza sauti nje ya mahakama au amefunikwa na moshi wa vitoa machozi. Picha hizo ni za kweli, lakini ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kazi yenyewe ni maandishi. Dola ina kumbukumbu yake: OB, faili ya mashtaka, taarifa ya msemaji wa polisi. Mtetezi anaandika ya pili, isiyopita mikononi mwa dola, ili siku kumbukumbu hizo mbili zitakapowekwa mbele ya jaji, uongo uonekane. Ninaamini kwamba uhuru wa raia wa kawaida nchini mwetu umelindwa zaidi na kumbukumbu hii ya pili kuliko ulivyolindwa na hotuba yoyote.

Kesi ya Willie Kimani inaonyesha hilo kwa namna inayoumiza. Alikuwa wakili wa miaka 32 katika shirika la International Justice Mission, linalowatetea maskini walioonewa na polisi. Mteja wake, Josephat Mwendwa, alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi mkononi Aprili 2015 na afisa wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman. Mwendwa alithubutu kufanya jambo ambalo wengi wa hali yake hawathubutu: alipeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka ya kusimamia mienendo ya polisi. Baada ya hapo yeye aliyepigwa risasi ndiye aliyejikuta mshtakiwa, akabambikiwa makosa ya barabarani na mengineyo, ili aachane na malalamiko yake. Kimani akaichukua kesi.

Tarehe 23 Juni 2016 walitoka katika mahakama ya Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, ndani ya kontena lililogeuzwa seli. Hakuna aliyewaandika katika kitabu chochote. Kimani akapata karatasi ya choo, akaandika humo kwamba wamo hatarini pamoja na nambari ya simu ya mkewe, akaitupa nje. Mpita njia akaiokota, akapiga simu. Msaada haukuwahi kufika. Wiki moja baadaye miili ya wote watatu ilipatikana katika mto huko Ol Donyo Sabuk, imetiwa ndani ya magunia.

Mawakili waliandamana na kususia mahakama kwa wiki nzima. Lakini kilichowapeleka wauaji gerezani ni kazi ya miaka sita ya wenzake Kimani na ya wapelelezi waliokubali kuwachunguza polisi wenzao: kumbukumbu za simu, maelezo ya mashahidi, ungamo la mmoja wa washtakiwa, na kile kipande cha karatasi ya choo kilichowasilishwa kama kielelezo. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani polisi watatu na mpasha habari wao, na Februari 2023 akatoa hukumu. Leliman alihukumiwa kifo, Stephen Cheburet miaka 30, Sylvia Wanjiku 24, na Peter Ngugi, yule mpasha habari, miaka 20. Polisi mwingine mmoja aliachiliwa. Nimeitaja hukumu hii kwa kirefu kwa sababu ni nadra. Wengi waliouawa mikononi mwa polisi hawakuwa na mwajiri wa kulia kwa ajili yao, na majalada yao hayakufunguliwa kamwe.

Kuna karatasi nyingine ambayo kila msaidizi wa kisheria mtaani anaijua kwa jina: P3. Ni fomu ambayo daktari huijaza kuonyesha majeraha ya aliyeshambuliwa, na bila hiyo kesi ya kupigwa haisimami mahakamani. Inatolewa na kituo cha polisi. Kijana aliyevunjwa mkono na askari wa kituo cha mtaani kwake anatakiwa arudi kituo hichohicho akaombe fomu ya kumshtaki aliyemvunja. Wengi hawarudi. Hapo ndipo wanapopatikana watu wa vituo vya haki vya mitaani, kama kile cha Mathare, Mathare Social Justice Centre, ambao hufuatana na majeruhi hadi kwenye dawati, kisha hospitalini, kisha IPOA, na kuweka nakala ya kila kitu. Wengi wao hawalipwi mshahara. Ni vijana wa mtaa huohuo, na askari wanaowaandika majina yao wanakutana nao kila asubuhi wakienda dukani.

Kwa waliokufa, karatasi ni ripoti ya uchunguzi wa maiti. Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, na kufikia asubuhi iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema amejigonga kichwa ukutani mwa seli. Siku chache baadaye, kabla maneno hayo hayajakauka midomoni mwao, jopo la wataalamu wa maiti likiongozwa na Dkt. Bernard Midia lilikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na michubuko sehemu nyingi za mwili, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe. Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti, na polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji yake. Kama mwili ungezikwa upesi, kama baadhi ya familia zinavyoshauriwa na watu wanaojifanya kuwahurumia, ukuta wa seli ungebaki kuwa ndio mshtakiwa.

Kazi hii haikuanza juzi. Kituo cha Sheria kilianzishwa Nairobi mwaka 1973 kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, ambayo licha ya jina lake si chombo cha serikali, iliundwa mwaka 1992, wakati watu waliowahi kuteswa katika vyumba vya Nyayo House walikuwa bado wanaogopa kusimulia. Mmoja wa waasisi wake, Willy Mutunga, aliyekuwa amewekwa kizuizini miaka ya 1980, alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011.

Ni KHRC hii iliyofanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya mashirika haya nchini. Chama cha Mau Mau, kilichopigania uhuru dhidi ya Waingereza, kilibaki haramu kwa sheria ya kikoloni hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Marufuku ilipoondolewa, wafanyakazi wa KHRC walikwenda vijijini wakawakalisha wazee na bibi, wakaandika. Nani alikupiga, kambi ipi, mwaka gani, kovu liko wapi. Mambo mengine bibi hao hawakuwahi kuwaambia hata watoto wao. Mwaka 2009 kesi ikafunguliwa London pamoja na kampuni ya mawakili ya Leigh Day, kwa majina ya wazee watano, wakiwemo Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara.

Serikali ya Uingereza ilidai kwanza kwamba dhima hiyo ilihamia Kenya siku ya uhuru. Mahakama ikakataa Julai 2011. Ikadai kwamba muda umepita mno. Na hapa kumbukumbu mbili zikakutana: katika mwendo wa kesi hiyo Uingereza ililazimika kukiri kwamba huko Hanslope Park ilikuwa imeficha maelfu ya majalada iliyoyahamisha kutoka makoloni yake, mengi yakiwa ya Kenya, na ndani yake wakuu wa kikoloni walikuwa wameandika wenyewe habari za vipigo na mateso. Oktoba 2012 jaji akaamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki, kwa kuwa nyaraka zipo tele. Juni 2013 Uingereza ikatangaza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, fidia kwa watu 5,228 pamoja na gharama za kesi. Susan Ngondi, mmoja wa wale watano, alikuwa ameshafariki.

Mtetezi wa uhuru hachagui watu wa kupendeza wa kuwatetea, na hilo ndilo linalomgombanisha na jirani zake. Aprili 2015, baada ya magaidi kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyaweka mashirika mawili ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, katika orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Kosa lao kubwa ni kwamba walikuwa wameandika habari za vijana waliotoweka na masheikh waliouawa Pwani wakati wa operesheni za polisi. Mishahara ikakwama, kesi za watu zikasimama. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe. Wakenya wengi wakati ule waliona ni sawa mashirika hayo yafungwe. Waliokuwa na maoni hayo wakumbuke kwamba njia iliyozoeleka Pwani mwaka 2013 na 2014, ya gari lisilo na nambari na watu waliofunika nyuso, ndiyo iliyowafuata watoto wao wenyewe baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha.

Safari hiyo mawakili wa kujitolea waligawana vituo vya polisi, Chama cha Mawakili chini ya Faith Odhiambo kikachapisha nambari za simu, na majina ya waliokamatwa yakawa yanasambazwa kabla hayajafika kwenye OB. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni. Wapo waliorudishwa usiku, wakatupwa kando ya barabara wakiwa hai. Siwezi kuthibitisha ni kelele zipi zilizomrudisha nani, ila sijasikia habari za aliyerudishwa kwa sababu watu walinyamaza.

Tatizo la fedha linajulikana na nitalipitia kwa ufupi. Mashirika haya yanategemea wafadhili wa ng'ambo karibu yote, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona jinsi miradi ya miaka mingi inavyoweza kukatika kwa siku moja. Bila sisi wenyewe kuchangia, hata kidogo, watetezi wetu wataendelea kutukanwa kuwa vibaraka wa wageni, na wataendelea kukosa jibu la kuwapa wanaowatukana.

Lipo jambo moja ambalo Serikali inaweza kulifanya bila kutunga sheria mpya. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo, inayotaka kila kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi kichunguzwe na ofisi isiyo chini ya polisi. Watu walipouawa barabarani Juni 2024, ofisi hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Mbunge wako anaweza kuuliza bungeni ofisi hiyo imefikia wapi, nawe unaweza kumuuliza yeye atakapokuja kukuomba kura. Na ndugu yako akikamatwa kabla ya hapo, nenda kituoni mkiwa wawili, ulizeni nambari ya OB, iandikeni, na msikubali kulipia bondi ya polisi, kwa maana ni bure.