Nakala ya Akiba ya Seva: Iwekwe Ofisini au Kwenye Wingu?

Kila seva huweka kazi zake ndani ya volumu, yaani sehemu ya diski moja, au ya diski kadhaa zilizounganishwa, ambayo kompyuta huiona kama ghala moja. Humo ndimo zinamokaa hesabu za wanachama wa SACCOS, kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi na barua pepe za ofisi. Seva ikiungua, hununuliwa nyingine. Yaliyokuwa ndani ya volumu hayauzwi dukani. Hurudi tu ikiwa nakala yake ilitengenezwa mapema na kuwekwa mahali pengine.

Kuna mambo mawili ambayo hudhaniwa kuwa nakala ya akiba, nayo siyo. La kwanza ni RAID, mpangilio wa diski ambao katika aina zake nyingi huiwezesha seva kuendelea na kazi hata diski moja ikifa. Mpangilio huo ni kinga dhidi ya ubovu wa diski tu. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutika kwenye diski zote sekunde ile ile. La pili ni picha ya papo hapo ya volumu, inayohifadhi hali ya data ilivyokuwa saa fulani. Picha hiyo ni msaada mkubwa pale mtu anapotaka kurudi nyuma kabla ya kosa, lakini kwa kawaida hukaa kwenye diski zile zile za volumu yenyewe, na diski zikiharibika vyote viwili hupotea.

Nakala ya ofisini huwekwa kwenye diski ya nje, kwenye kifaa cha kuhifadhia kilichounganishwa na mtandao wa ndani, au kwenye kanda za sumaku, ambazo bado zinatumika sana katika mabenki na vituo vikubwa vya data. Kanda moja ya aina ya LTO, kizazi cha 9, hubeba terabaiti 18. Nguvu kubwa ya nakala hii ni kasi. Diski ya kawaida inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde hurejesha terabaiti 1 kwa muda usiofika saa mbili, intaneti iwepo isiwepo. Gharama yake hulipwa zaidi mwanzoni, na data haitoki mikononi mwa mwenyewe.

Udhaifu wake ni ujirani. Moto, mafuriko, wizi au hitilafu ya umeme inayoiangusha seva huweza kuifikia nakala iliyo chumba kile kile. Programu haribifu zinazofunga data na kudai fidia nazo huzitafuta kwanza nakala zinazofikika kupitia mtandao. Mwaka 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na programu ya NotPetya. Seva zake zinazotunza idhini za watumiaji zilikuwa nyingi, zimetawanyika duniani, na kila moja ilikuwa nakala ya nyingine. Lakini kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote zilifutwa pamoja, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao. Kampuni ililazimika kusakinisha upya seva zipatazo 4,000 na kompyuta 45,000. Ndiyo maana diski ya akiba inapaswa kuchomolewa kazi ikiisha, au kanda kutolewa na kufungiwa kabatini.

Nakala ya wingu huipunguza hatari hiyo ya ujirani kwa kuweka umbali. Data husafiri kwa intaneti hadi kwenye kituo cha kampuni inayokodisha nafasi. Kwa Afrika Mashariki, baadhi ya vituo vya karibu vya kampuni kubwa za kimataifa viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Mteja halazimiki kununua wala kutunza mitambo, na huduma nyingi humruhusu kufunga nakala ili isibadilishwe wala kufutwa na yeyote hadi muda aliouweka uishe. Kufuli hilo ni ngao imara dhidi ya wadai fidia, maana hata mdukuzi aliyeiba nywila ya msimamizi hushindwa kuipita.

Tatizo la wingu ni njia ya kufikia huko. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, terabaiti 1 huchukua zaidi ya siku nne na nusu kupita, laini hiyo ikiwa haifanyi kazi nyingine yoyote. Kwa megabiti 100 huchukua takribani saa 22. Upande wa kupeleka, mzigo huu hupungua baada ya mara ya kwanza, kwa sababu programu za akiba hutuma mabadiliko tu. Siku ya kurejesha hakuna unafuu huo, kwani volumu nzima lazima irudi. Njia yenyewe nayo hukatika. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Aidha, wingu hulipiwa kila mwezi, na kampuni nyingi hutoza ada ya ziada data inapotolewa, jambo linalopaswa kusomwa kwenye mkataba kabla ya dharura.

Wingu pia ni jengo la mtu, nalo huungua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kimoja cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Miongoni mwa waliopoteza data walikuwamo wateja ambao nakala zao za akiba zilikaa katika jengo lile lile lenye seva zao. Mwaka 2024 kosa la usanidi katika Google Cloud lilifuta sehemu ya mifumo ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mfuko huo ulisaidiwa kusimama tena na nakala ulizokuwa umeziweka kwa mtoa huduma mwingine.

Sheria nayo ina neno lake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Hospitali au SACCOS inayotumia wingu la nje inapaswa kuyajua masharti hayo, kusimba data kwa siri kabla haijatoka ofisini, na kutunza ufunguo mbali na seva. Ufunguo ukipotea, nakala haifunguki tena.

Uamuzi basi hutokana na maswali matatu: kazi ya saa ngapi inaweza kupotea bila madhara makubwa, huduma inaweza kusimama kwa muda gani, na volumu ni kubwa kiasi gani kwa laini iliyopo. Ofisi yenye gigabaiti 50 huzirejesha kutoka kwenye wingu kwa saa tano na nusu hivi kwa laini ile ya megabiti 20, na huenda ikatosheka. Yenye terabaiti 10 ingesubiri zaidi ya mwezi na nusu. Hiyo haina budi kuwa na nakala ya ofisini kwa ajili ya kurejesha haraka, na kupeleka kwenye wingu zile volumu ambazo bila hizo shughuli hufa. Kwa wengi jibu ni kuziunganisha njia zote mbili, kama inavyosema kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh: nakala 3 za data, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikiwa nje ya jengo.

Popote inapowekwa, nakala huthibitishwa kwa kurejeshwa. Hifadhidata inayofanya kazi, kwa mfano, ikinakiliwa kama faili la kawaida inaweza kutoa nakala isiyofunguka. Inahitaji zana yake maalumu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kimakosa hifadhidata kuu. Nakala za kila siku zilizodhaniwa kuwa kwenye wingu hazikuwapo; programu ilikuwa ikishindwa kimyakimya, na barua pepe za tahadhari hazikuwafikia wahusika. Kampuni iliokolewa na picha ya volumu iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Zoezi la kurejesha volumu nzima kwenye seva ya pembeni, kila baada ya miezi mitatu, hufichua kasoro za namna hiyo mapema. Muda unaopimwa siku hiyo, ukilinganishwa na muda ambao huduma inaweza kusimama, huonyesha kama nakala iliyopo inatosha au inahitaji kuongezewa mwenzake.