Kituo cha Kuchajia Kiseme Kweli

Magari, bajaji na pikipiki zinazokwenda kwa nguvu ya umeme zimekwisha kuingia katika barabara za Dar es Salaam. Hilo ni jambo la kufurahia. Petroli na dizeli tunaiagiza yote kutoka nje kwa fedha za kigeni, ambapo umeme tunauzalisha wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwaka 2024. Taifa linalotaka kujitegemea haliwezi kudharau nafasi ya kuendesha vyombo vyake kwa maji ya mto wake.

Lakini umeme ulioko bwawani ni jambo moja, na umeme uliokwisha kuingia katika betri ya bajaji ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kipo kituo cha kuchajia. Na kati ya dereva na kituo ipo habari. Habari hiyo ikiwa si ya kweli, kituo kinakuwa pambo tu. Ndiyo maana tunasema kwamba vituo visijengwe kwanza na takwimu zikafuata baadaye. Hapana budi viende pamoja.

Wakazi wa Goba watalielewa jambo hili upesi. Kata hii ya Wilaya ya Ubungo ni ya vilima na mabonde, na barabara zake hupanda na kushuka kuelekea Makongo, Madale, Tangi Bovu na Mbezi Luis. Chombo cha umeme hula betri zaidi kinapopanda mlima kikiwa na abiria. Kwa hiyo umbali uliopimwa mahali pa tambarare sio umbali wa Goba. Dereva aliyebakiwa na betri kidogo pale Njia Nne ana nafasi moja tu ya kuchagua njia. Akiambiwa kituo fulani ni kizima, akifika akikute kimekufa, hawezi kutuma mtu amletee umeme katika dumu kama afanyavyo mwenye pikipiki ya petroli. Atasukuma. Na jioni mwenye chombo atataka hesabu yake ile ile.

Mtu anaweza kudhani kwamba nchi zilizotutangulia zimekwisha kulimaliza tatizo hili. Sivyo. Mwaka 2022 watafiti wa California, Marekani, waliacha kusoma taarifa za makampuni, wakaenda wenyewe kwenye vituo vya umma vya kuchaji haraka katika eneo la Ghuba ya San Francisco. Walikagua plagi 657. Zilizokuwa zinafanya kazi ni asilimia 72.5 tu, ambapo makampuni yalikuwa yakitangaza kati ya asilimia 95 na 98. Walikuta skrini zilizozimika, mitambo iliyokataa malipo, na plagi zilizovunjika. Mtambo wa namna hiyo waweza kuwa unapeleka salamu njema makao makuu, na huku mteja aliyesimama mbele yake hapati kitu.

Baada ya hapo Serikali zikaamka. Mwaka 2023 Marekani iliweka sharti kwamba vituo vinavyojengwa kwa fedha za mpango wake wa kitaifa vifanye kazi kwa zaidi ya asilimia 97 ya muda. Mwaka huo huo Uingereza ilitunga kanuni zinazodai asilimia 99 kwa mitandao ya kuchaji haraka, na kwamba habari za vituo zitolewe bure kwa umma. Somo ni hili: wao walijenga kwanza, wakapima baadaye, wakajikuta wanarekebisha. Sisi tunaoanza hatuna sababu ya kulirudia kosa ambalo limekwisha kuonekana.

Ugonjwa wenyewe tunaufahamu, kwani hauko katika umeme peke yake. Ni ule wa taarifa inayong'ara ofisini na mambo yanayodorora mitaani. Taarifa iliyoandikwa kumpendeza mkubwa badala ya kumwongoza. Mwanachama wa Chama huahidi kusema kweli daima, na ahadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mikutano tu. Asemaye kwamba kituo ni kizima na hali ni kibovu amemnyang'anya dereva siku yake ya kazi, hata kama hakukusudia.

Wapo wafanyabiashara watakaosema kwamba habari hizi ni siri ya biashara yao. Hoja hiyo haina uzito. Bei ya petroli huandikwa katika bango kila kituo, na EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Pampu nazo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Hakuna aliyefilisika kwa sababu mteja alijua bei na ujazo. Waliosoma chuoni wanaikumbuka Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wale wajipimiao kamili na kuwapunja wenzao. Zamani kipimo kilikuwa pishi na ratili; leo kimo ndani ya mita, ambayo mnunuzi haioni ndani yake. Kwa hiyo haja ya mkaguzi ni kubwa zaidi.

Takwimu hizi zina faida pia kwa mpangaji. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulipitia mgawo wa umeme. Katika miaka hiyo hiyo wenye vyombo vya gesi asilia jijini walikaa katika foleni ndefu, kwa kuwa vyombo viliongezeka upesi kuliko vituo. Takwimu peke yake hazijengi kituo, lakini humwonyesha mpangaji haja kabla haijawa foleni. Bajaji zikichajiwa majumbani saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, transfoma ya mtaa huelemewa. Na kama umeme huo umejificha ndani ya LUKU ya nyumbani, TANESCO haitajua sababu. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2023, waliweka bei ya pekee ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 za kwao kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, na shilingi 8 katika saa ambazo mahitaji ni madogo. Umeme ukitengewa bei yake na mita yake, unaweza kuhesabiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwenye kituo cha umma atakiwe kutangaza mahali kilipo, aina ya plagi, bei ya uniti, na kama kinafanya kazi saa hiyo au la. Anwani za makazi zilizowekwa mwaka 2022 zitumike, ili kituo kijulikane kwa mtaa na namba. Pili, habari za makampuni yote zikusanywe mahali pamoja na zipatikane kwa namba fupi ya simu, maana si kila dereva ana simu kubwa. Tatu, Wakala wa Vipimo ukague mita za vituo hivi kama unavyokagua pampu, na ukaguzi wa ghafla ufanyike bila kutegemea maneno ya mwenye kituo. Nne, habari za nyendo za dereva zisiuzwe wala kutumiwa kumwonea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na itekelezwe.

Wananchi nao wana wajibu wao. Dereva atakayekuta kituo kibovu atoe taarifa ili mwenzake asipoteze safari, na viongozi wa mitaa wasione haya kuipeleka taarifa hiyo juu ilivyo, bila kuipaka rangi. Vituo bado ni vichache, na huu ndio wakati wa kuweka utaratibu. Vikishakuwa vingi na mazoea mabaya yakaota mizizi, kazi ya kuyang'oa itakuwa kubwa, na gharama yake itabebwa na yule yule anayesukuma bajaji yake mlimani.