Mkaa wa Mifupa na Mwanafunzi wa Kemia

Maji ya visima vingi vya Arusha, na vya Nakuru upande wa Kenya, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, watoto huota meno yenye madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Njia mojawapo ya kuyasafisha maji hayo ni kuyapitisha kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ningependa mwanafunzi anayeingia chuo kikuu kusoma kemia ya nyenzo tendaji, yaani vitu vinavyoundwa vifanye kazi maalumu kama kunasa sumu, kuhifadhi umeme au kuhisi gesi, aanzie hapo.

Madini ya mfupa, haidroksiapataiti, yamejengwa kwa kalsiamu, fosfati na haidroksaidi. Ayoni ya floraidi inakaribiana kwa ukubwa na ya haidroksaidi, na chaji zao ni sawa, kwa hiyo floraidi huweza kuikalia nafasi yake ndani ya fuwele. Sababu inayoifanya floraidi ing'ang'anie mifupa ya mtu ndiyo hiyohiyo inayoifanya inaswe na mkaa. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kazi ya kitu hutokana na jinsi atomi zake zilivyopangwa.

Kisha aende kwenye tanuri, maana mpangilio peke yake hautoshi. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, mara nyingi kwenye nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Moto ukipungua, mafuta na nyama hubaki, na maji hutoka yakinuka. Ukizidi mno, fuwele hukua na kushikamana, vitundu huziba, na mkaa uleule kwa fomula unanasa floraidi kidogo sana. Tofauti hiyo haionekani kwenye fomula. Inahitaji eksirei ya kusoma mpangilio wa fuwele, na gesi ya nitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ya kupima eneo la vitundu. Vipimo hivi ndivyo moyo wa somo, na ndivyo wanafunzi wengi huvikariri bila kuwa na swali la kuviuliza.

Vitundu hivyo si jambo dogo: Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa fuwele za metali na molekuli za kaboni zenye nafasi kubwa ndani yake.

Lakini nasisitiza jambo moja kwa wanaosimamia tafiti za wanafunzi. Jaribio lisiishie kwenye maji safi ya maabara yaliyotiwa chumvi ya floraidi. Maji halisi ya kisima huwa na bikaboneti nyingi na alkali, na haidroksaidi hushindania nafasi zilezile. Mkaa ukishajaa, je, utaoshwa kwa kostiki soda au utatupwa, na wapi? Tena wapo watakaouliza mifupa ni ya mnyama gani kabla ya kuyanywa maji hayo, na jibu liandikwe kwenye ripoti pamoja na viwango vya floraidi.