Magugu Isiwe Safari Yako ya Kwanza

Ukitoka Babati kwenda Magugu kwa baiskeli, barabara inakupenda. Mji wa Babati uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,350 kutoka usawa wa bahari. Magugu iko chini yake kwa karibu mita 300, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo unakanyaga kidogo, unaiachia baiskeli ijiendee, upepo unajaa kwenye shati, na kabla hujachoka mashamba ya mpunga ya Magugu haya hapa. Unajiona bingwa.

Halafu inabidi urudi.

Ngoja niwasimulie habari za kijana mmoja wa Maisaka. Ni kijana wa kubuni, ila nyie mnaokaa Maisaka mtamjua tu, maana kila mtaa una wake. Yuko darasa la sita. Baiskeli yake ni Phoenix nyeusi aliyorithi kwa kaka yake, haina gia, kiti kimechanika upande mmoja na keria imepinda kwa kubebeshwa madumu ya maji. Hajawahi kuendesha zaidi ya kutoka nyumbani hadi sokoni. Jumamosi ya kwanza ya likizo akaamka na wazo: Magugu, kwenda na kurudi. Kati ya kilomita 25 na 30, ukizidisha mara mbili.

Kwenda ilikuwa raha tupu. Wakati wa kurudi ilikuwa saa saba mchana, na Magugu kuna joto kuliko Babati. Maji yalikuwa yamekwisha, tumboni mna chai ya asubuhi peke yake, na ile barabara iliyokuwa ikimsukuma sasa inamvuta shati kwa nyuma. Akasukuma, akapanda, akashuka, akasukuma tena. Jioni aliingia mjini akiwa amekaa juu ya magunia kwenye lori, Phoenix imelazwa pembeni yake. Siku kadhaa hakuweza kuchuchumaa bila kushika ukuta.

Miguu ilipopoa akaenda kwa mjomba wake, fundi baiskeli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nasikia ulikwenda Magugu."

"Nilikwenda."

"Ukarudi na nini?"

"Na lori."

Fundi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Alipotulia akamwambia, "Sikiliza. Kazi rahisi umeifanya ukiwa na nguvu, kazi ngumu ukaiacha mpaka umechoka. Sasa geuza. Nenda kwanza upande unaopanda. Ukichoka njiani, unageuza usukani na mteremko unakurudisha nyumbani."

Ndiyo maana akamtajia barabara ya kusini, ya Bonga, ile inayoendelea kupanda hadi Bereku, kisha ikaenda Kondoa. Si lazima ufike Bonga. Unapanda kiasi unachoweza, unarudi. Mimi naona ushauri huo unazidi vifaa vyote vinavyouzwa madukani, na haugharimu hata senti.

Lakini kwa nini kupanda kunachosha kiasi kile? Kwenye tambarare kinachokupinga zaidi ni upepo, na ukienda polepole upepo nao unapunguza ubishi. Mlimani unapingwa na uzito. Chukua mtoto wa kilo 42 na baiskeli ya kilo 18: jumla kilo 60. Hizo ni ndoo tatu za lita ishirini zilizojaa maji. Kijana wetu aliporudi kutoka Magugu, mapaja yake yalitakiwa kupandisha ndoo tatu hadi kimo cha mita 300. Uende haraka au polepole, ndoo ni zilezile, kimo ni kilekile. Unachoweza kuchagua ni muda tu. Anayepanda polepole anaigawa kazi katika vipande vidogo ambavyo moyo unavimudu. Anayekurupuka anataka kuimaliza yote mara moja, na katikati ya kilima pumzi inamwambia basi.

Sasa njoo kwenye mwili wenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoumia. Moyo na mapafu vinajifunza haraka. Wiki chache tu za kuendesha mara kwa mara, na kilima kilichokuwa kinakutoa jasho unakipanda ukipiga mluzi. Misuli inafuata. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, hazina haraka kabisa, zinahitaji miezi. Hivyo kuna kipindi cha hatari ambapo pumzi iko tayari kwa safari ndefu na magoti bado. Mtoto anayekua ndiye wa kuangalia zaidi, kwa sababu mifupa yake bado inarefuka na ile sehemu iliyo chini kidogo ya pia ya goti inaweza kuvimba na kuuma kwa mazoezi ya kupita kiasi. Maumivu ya misuli ya mapaja yanayoisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya goti yanayorudi kila ukipanda baiskeli si ya kuvumilia: pumzika, na mwambie mtu mzima.

Ili kuyaokoa magoti, fundi alianza na kiti. Alimpandisha mpwa wake juu ya baiskeli, akamwambia aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Goti lilibaki limekunjwa sana. Akalegeza nati, akavuta kiti juu kidogo kidogo mpaka mguu ukanyooka. Unapoendesha unakanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na hapo goti linabaki na mkunjo mdogo tu, unaotakiwa. Kiti kikiwa chini sana, kila mzunguko unalibana goti, na kilima kinazidisha. Ikiwa baiskeli ni ya mtu mzima na miguu haifiki, kiti hakitakusaidia. Azima nyingine ya kimo chako.

Kisha akampa kipimo cha mwendo. "Ukiwa unaendesha, nitajie kata za mji wetu."

"Babati, Bagara, Bonga, Maisaka, Mutuka, Nangara, Sigino, Singe."

"Ukiweza kuzitaja zote bila kukatika pumzi, huo ndio mwendo wako wa safari. Ukiishia Maisaka, umezidisha."

Wiki za mwanzo hakuna milima. Siku tatu kwa wiki, nusu saa hivi, kwenye njia za mtaani zilizo tambarare, na katikati siku za kupumzika. Msidharau siku hizo. Misuli inajengeka ukiwa umelala na umekula, haijengeki ukiwa juu ya pedeli. Halafu siku moja, tuseme Jumamosi, ndiyo ya kwenda mbali kuliko nyingine. Hiyo ndiyo inayorefushwa, kidogo kila wiki. Waendesha baiskeli wengi duniani hupenda kuongeza sehemu moja ya kumi ya umbali kwa wiki. Si sheria, ni tahadhari tu. Kwa anayeendesha kilomita 8, moja ya kumi ni mita 800, na hakuna ubaya akiongeza kilomita moja au moja na nusu. Anayeendesha kilomita 40 ndiye asiruke hadi 60. Na kila baada ya wiki tatu au nne, punguza wiki moja ili kano nazo zipate nafasi ya kufuata.

Vilima vinakuja baadaye, na vina sharti lake: wiki unayoongeza kilima, usiongeze umbali. Chagua kilima kimoja kifupi karibu na nyumbani, barabara ya vumbi isiyo na magari. Kipande mara moja, ushuke, uende zako. Wiki inayofuata mara mbili. Kilima kilekile kinakufundisha kuliko vilima vipya kila siku, kwa sababu unajua kinapoanza kuwa kikali na unajua lini uhifadhi pumzi. Mwenye gia abadilishe kwenda gia nyepesi kabla mlima haujaanza. Akisubiri mpaka cheni imekazwa na uzito, itagoma au itatoka. Asiye na gia akae kwenye kiti muda mrefu awezavyo, asimame juu ya pedeli pale palipo kali tu, kisha akae tena. Kusimama kunatumia uzito wa mwili kusaidia mguu, lakini kunamaliza pumzi upesi.

Na ukishindwa, shuka usukume. Najua wenzako watakucheka. Waambie habari za Octave Lapize. Mwaka 1910, mashindano ya Tour de France yalipelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania. Njia ilipita juu ya Tourmalet, ambako barabara inafika mita 2,115. (Mlima Kwaraa mnaouona kila asubuhi una zaidi ya mita 2,400, kwa hiyo msije mkadhani Wafaransa wana milima kutuzidi.) Barabara ilikuwa ya mawe na vumbi, na baiskeli hazikuwa na gia za kuhamisha cheni; katika mashindano hayo gia hizo ziliruhusiwa mwaka 1937 tu. Lapize alishuka, akasukuma baiskeli yake kwa miguu. Mwenzake Gustave Garrigou aliupanda Tourmalet wote bila kukanyaga chini, akazawadiwa faranga 100. Mbio zilipoisha jijini Paris, bingwa wa mwaka ule alikuwa Lapize, aliyesukuma.

Au wasimulie ya jirani. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya wanaume, zaidi ya watu 160 walianza njia ya kilomita 267 yenye vilima juu ya vilima. Waliomaliza walikuwa 30. Na wengi wa walioshindwa ni watu wanaolipwa mshahara kwa kukanyaga pedeli.

Wala mazoezi haya hayataki haraka. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikuwa mtoto wa miaka kama 12 alipoanza kuendesha na mwalimu wake David Kinjah huko Kikuyu. Ushindi wake wa kwanza wa Tour de France ulikuja mwaka 2013. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Kijana wetu wa Maisaka aliifikia Bonga kabla ya likizo iliyofuata. Magugu aliirudia baadaye sana, na safari hii alikuwa na mjomba wake. Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamekula viazi vitamu na chai, kila mmoja na chupa mbili za maji na ndizi mfukoni, maana akiba ya nguvu iliyo kwenye misuli huanza kukauka baada ya saa moja na nusu au mbili za kazi nzito. Walibeba pampu na viraka vya pancha. Mjomba alikagua breki zote mbili kabla ya mteremko, tena kwa kuzibana kwa nguvu zake zote. Waliendesha pembeni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu hii ni barabara kuu ya Arusha na Dodoma na mabasi yake hayana subira. Walikaa Magugu kwa muda mfupi, wakaanza kupanda jua likiwa bado halijakomaa, wakizitaja kata.

Alipofika nyumbani aliuliza kama safari nyingine waendelee mbele zaidi. Mjomba alikataa, na mimi nakataa pamoja naye. Ukipita Magugu kuelekea Minjingu, barabara inakatiza ushoroba wa Kwakuchinja, ambako tembo, nyumbu na pundamilia huvuka kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Huko, wanangu, mtu haendi kwa baiskeli.