Mchezaji Niliyemcheka



Jumapili moja baada ya Misa nilisikia kicheko kikubwa nyuma ya kanisa. Nikaenda kutazama. Watoto walikuwa wamemzunguka mwenzao aliyehamia kijijini kwetu hivi karibuni. Kwao hawatofautishi r na l, naye alikuwa amesema “kulala” pale alipotaka kusema “kurara”, au kinyume chake, sikumbuki vizuri. Wenzake walikuwa wakimwiga. Yeye alitazama chini, akichora mavumbi kwa kidole cha mguu.

Nilitaka kuwakaripia, lakini ulimi ukawa mzito, maana nilijiona mimi mwenyewe katikati ya wale wanaocheka. Basi leo nitawasimulia habari ya mchezo niupendao tangu utoto, na deni ambalo sikuwahi kulilipa.

Nilizaliwa mwaka 1946 Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma huko Marekani. Hapa parokiani vijana huniuliza, “Padre, wewe ni Simba au Yanga?” Mimi huwajibu kwamba timu yangu haichezi kandanda. Jina lake ni Pirates, maana yake Maharamia. Hapo hucheka sana: Padre mzima apenda maharamia!

Mchezo wenyewe ni besiboli. Timu ni mbili, kila moja ina watu 9. Uwanjani kuna vituo vinne, vimepangwa kwa pembe nne. Mtu wa timu moja hurusha kwa nguvu mpira mdogo ulio mgumu; mtu wa timu nyingine humngojea na gongo la mti, ajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, hutupa gongo na kutimua mbio kutoka kituo hadi kituo, nao wapinzani huukimbilia mpira ili wamtoe kabla hajafika. Akivizunguka vyote na kurudi alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Mahali hapo pa kuanzia na kurudia huitwa “nyumbani”.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Siku za mapumziko alinipeleka kwenye uwanja wa Forbes Field. Tulipenda kukaa upande wa kulia, kwa sababu huko alicheza kijana mmoja mweusi kutoka kisiwa cha Puerto Rico, jina lake Roberto Clemente. Alizaliwa mwaka 1934, mtoto wa mwisho wa Melchor, msimamizi katika mashamba ya miwa, na mkewe Luisa. Alijiunga na Pirates mwaka 1955. Mkono wake ulikuwa wa ajabu: aliweza kuuokota mpira mwisho wa uwanja na kuurusha moja kwa moja mpaka kituoni, mkimbiaji akatolewa kabla hajafika.

Lakini Kiingereza alijifunza ukubwani. Magazeti mengine yaliandika maneno yake kwa matamshi yake mabovu, ili wasomaji wacheke. Watangazaji walimwita “Bob”, ingawa yeye alisema wazi kwamba jina lake ni Roberto. Alikuwa ameumia mgongo katika ajali ya gari, na kila aliposema unamwuma, wengine walimwita mvivu.

Na mimi, mtoto wa Kikatoliki niliyejua katekismu yangu kwa moyo, nilijifunza kumwiga. Nikawa bingwa wa kuwachekesha wenzangu. Siku moja nilifanya hivyo kwa sauti kuu pale pale uwanjani. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Akaniambia polepole, “Babu yako alipofika hapa kutoka Slovakia, hakujua hata kuomba mkate kwa Kiingereza. Ungalikuwapo siku ile, ungalimcheka?”

Nikanyamaza. Lakini sikuacha. Nilingoja tu Baba asiwepo.

Tarehe 13 Oktoba 1960 Pirates walikutana na Yankees wa New York katika mechi ya saba ya fainali kuu. Kila timu ilikuwa imeshinda mara tatu. Yankees walikuwa matajiri wa pointi: katika mechi zote saba walipata 55, sisi 27 tu. Lakini pointi za jana hazihesabiwi leo. Sista wetu alileta redio darasani, nasi tukasikiliza mikono ikitoka jasho. Zamu ya mwisho, pointi 9 kwa 9, Bill Mazeroski akaupiga mpira ukapita juu ya ukuta. Kumi kwa tisa! Sista mwenyewe aliruka. Mji mzima ulimiminika barabarani. Clemente naye, aliyekuwa amepiga vizuri katika kila moja ya mechi zile saba, alitoka kwenda kushangilia pamoja na watu wa kawaida. Walimkumbatia. Nami nilifurahi kwa ushindi wake, na juma lililofuata nikaendelea kumwiga.

Miaka ikapita, nikaingia seminari. Tarehe 17 Oktoba 1971 Pirates walishinda tena fainali, huko Baltimore, na Clemente akachaguliwa kuwa mchezaji bora. Tulikuwa tumekaa mbele ya televisheni. Mtangazaji akampa kipaza sauti, Marekani yote ikimtazama. Yeye akaomba kwanza aseme kidogo kwa Kihispania. Mwenzetu mmoja aliyejua lugha hiyo akatufasiria: katika siku iliyo kubwa kuliko zote za maisha yake, Clemente aliwapa wanawe baraka, na akawaomba wazazi wake huko Puerto Rico wambariki.

Wasomaji wapenzi, siku ile niliona aibu. Mtu niliyemcheka kwa sababu ya lugha yake alitumia lugha hiyo hiyo kuwaheshimu baba na mama mbele ya watu wote. Nikaazimia kumwandikia barua ya kuomba radhi. Nikasema, nitaandika baada ya mitihani. Kisha nikasema, nitaandika wakati wa likizo. Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha mipigo 3,000 katika ligi, jambo ambalo wachezaji wachache sana walikuwa wamelifikia. Nikasema, sasa anapokea barua nyingi mno. Nitaandika baada ya Noeli.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, nchini Nicaragua. Maelfu walikufa. Clemente aliongoza watu wa Puerto Rico kukusanya chakula na dawa. Habari zikamfikia kwamba misaada haiwafikii wenye shida, maana askari wanaizuia. Basi akaamua kuipeleka mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege kuukuu, iliyopakiwa mizigo kupita kiasi. Mara tu baada ya kuruka kutoka San Juan ilianguka baharini. Watu wote watano waliokuwamo walikufa. Mwili wake haukupatikana kamwe. Alikuwa na miaka 38, akaacha mjane na watoto watatu wa kiume.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi ya Mwaka Mpya Baba aliingia jikoni, akaizima redio, akakaa. Hatukusema neno. Karatasi ya barua ilikuwa mezani kwangu, haina hata mstari mmoja.

Mwaka 1974 nilitumwa Tanzania. Sasa zamu ya kutamka vibaya ikawa yangu. Mara moja nilitangaza kanisani, “Jumapili ijayo leteni mbogo zenu, nizibariki kabla ya mvua.” Kanisa likawa kimya. Mzee katekista akasimama, akasema kwa heshima, “Mmemsikia Padre. Tulete mbegu.” Hakuna aliyecheka. Baada ya Misa alinijia akiwa na punje za mahindi kiganjani. “Padre, mbegu ni hizi. Mbogo yuko porini, naye hapendi kubarikiwa.” Hapo tulicheka wote wawili mpaka machozi. Yule mzee hakujua kwamba alinitendea kile ambacho mimi sikumtendea Clemente.

Basi siku ile nyuma ya kanisa niliwaita watoto wote, nikawasimulia haya kama nilivyowasimulia ninyi. Hawakujibu kitu. Mmoja aliyekuwa akiongoza kicheko alimwendea yule mgeni, akamwuliza, “Kwenu mnaliitaje hili?” akionyesha mpira wao wa matambara. Mgeni akalitaja neno la kwao. Wengine wakajaribu kulitamka, wakakosea, na mgeni ndiye aliyecheka. Kisha wakaenda kucheza.

Wazazi wapenzi, watoto wenu wanapomwiga mtu nyumbani, msicheke pamoja nao. Na mtu yeyote mliyemkosea, mwendeeni angali hai. Mimi nilingoja likizo, nikachelewa. Kila tarehe 31 Desemba namwombea Roberto katika Misa, nikilitaja jina lake kama alivyotaka litajwe.